Dalali Aliyeuza Shamba la Mama

Mji mzima ulimwita Dalali. Jina lake lilikuwa kwenye kibao juu ya ngazi, limechorwa pamoja na nyundo ya mnada, lakini sikuwahi kusikia mtu akilitamka. Hata mkewe akipiga simu kwangu kumtafuta alisema, "Hebu nipe Dalali." Nami nitamwita hivyo hivyo.

Hoteli yangu iko chini ya ofisi yake, si mbali na mahakama ya Machakos. Wanaokula kwangu ni makarani, mawakili ambao bado hawajapata gari, na watu waliokuja kusikilizwa kesi wakaambiwa imeahirishwa. Dalali alikula hapo kila siku ya kazi kwa miaka mingi, meza ile ile ya pembeni, mgongo ukutani. Chakula chake kilikuwa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, bila nyama. Alisema mtu akila nyama mchana anasinzia, na dalali anayesinzia huuza ng'ombe kwa bei ya mbuzi. Alilipa kabla ya kula. Nalitaja hilo mapema kwa sababu mengi yanayofuata si ya kumsifu.

Alikuwa mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Kengele yake ya mkono aliibeba ulimi umefungwa kwa kitambaa, isije ikalia kabla ya wakati. Alipokifungua kitambaa kile sokoni na kuitikisa mara moja, akina mama waliokuwa wakiuza nyanya walishika mafungu yao, hata wale wasiodaiwa na mtu. Yeye aliwaona, na akafurahi. Niliona kwa macho yangu jinsi alivyofurahi.

Watu walisema ana roho mbaya. Mimi nasema hapana, roho mbaya ningeielewa. Hakutukana mtu, hakumsukuma mtu, hakula hongo, na katika kazi ile kutokula hongo ni jambo la kushangaza. Ukatili wake ulikuwa wa kukuambia kweli wakati ambapo huna mahali pa kuiweka. Mwanamume mmoja alimfuata mpaka mezani, analia kama mtoto, kinu chake cha kusaga unga, alichokiweka rehani mwenyewe, kitauzwa kesho yake. Dalali akamvutia kiti. "Kula kwanza," akamwambia. "Ukilia na njaa utaumwa na kichwa, na kinu kitauzwa tu." Akamlipia chai na chapati mbili. Kesho yake akakiuza, na kwa bei nzuri.

Matanga alihudhuria bila kukosa. Alizikwa mtu mmoja mwenye duka ambaye Dalali alikuwa amemsumbua sana, naye akaja na suti nyeusi, akachanga pesa nyingi za jeneza kuliko jamaa wengi wa marehemu, akasimama foleni ya kumpa mjane mkono. Alipofika kwake aliinamisha kichwa, akauliza kwa sauti ya chini yenye heshima ile pikapu ya marehemu siku hizi inalala wapi. Mjane akamwambia. Hivi mtu akikuuliza kwa heshima namna hiyo utamficha nini?

Jambo moja alijivunia kuliko yote: kwamba hajawahi kushika chombo cha kazi ya mtu kisichokuwa rehani. "Cherehani ya fundi siigusi. Msumeno wa seremala siugusi. Sheria imekataza, na dalali akivunja sheria hiyo leseni inaenda." Aliingia kwa fundi viatu mmoja huko nyuma ya soko, akachukua kitanda, redio, kabati, sufuria, mpaka mazulia, akamwachia sindano, nyundo ndogo na lile sanduku lake la kukalia. Fundi akabaki katikati ya chumba kitupu. "Umeona?" Dalali akamwambia mlangoni. "Sheria imekuachia kazi." Hadithi hiyo alinisimulia mwenyewe, anatafuna, na alitegemea nitamsifu.

Nyuma ya jengo alikuwa na ghala la vitu ambavyo havikupata mnunuzi. Nilikuwa naenda huko kukodi viti nikipata wageni wengi. Kulikuwa na kitanda cha hospitali, meza ya kuchezea isiyo na mguu mmoja, picha kubwa za harusi za watu waliokwisha kuachana. Kwenye kona ya mwisho palikuwa na chungu cha udongo kilichofunikwa kwa kigae na kufungwa kwa waya. Vijana wake walifagia ghala lote wakaiacha kona ile na vumbi lake. Chungu kikiwa njiani, Dalali mwenyewe alikisogeza, na alikisogeza kwa mpini wa ufagio.

"Hicho ni nini?" nikamwuliza wakati mmoja.

"Vitu vya mzee fulani wa mashambani. Alikuwa na deni la mbuzi. Vijana walizoa kila kitu bila kuangalia." Akacheka. "Nimekinadi mara ngapi, hakuna mtu ametaka hata bure."

Nilidhani ni dawa za kienyeji, nikachukua viti vyangu nikaondoka.

Sasa nifike kwa Mama, maana bila Mama nisingekuwa na haja ya kumsimulia mtu huyu. Mama alikuwa na nyumba na ekari chache upande wa Katelembo, kwenye ile iliyokuwa ranchi ya mzungu. Wazee wa zamani waliunda kampuni wakainunua. Baba aliuza mbuzi, Mama akasuka vyondo mpaka vidole vikapinda, wakapata hisa. Wakaonyeshwa kipande chao, wakapanda mkonge wa mpaka, wakajenga. Baba alipofariki tulimzika hapo nyuma ya nyumba. Majirani wote walikuwa hivyo: hisa, nyumba, kaburi. Lakini hati ya shamba ilikuwa moja tu, na jina lililokuwa juu yake ni la kampuni. Kugawa hati kulisemwa kila mkutano wa mwaka, na kila mwaka kukasogezwa mbele.

Kisha wakurugenzi wakaleta habari ya ng'ombe wa maziwa na visima. Benki itatoa mkopo, shamba litawekwa rehani, maendeleo yatakuja. Mkutano wenyewe walitupikia wali na nyama. Mwenyekiti akauliza nani anaunga mkono, na mikono ikapanda, mingine ina mafuta. Wa Mama pia ulipanda. Ng'ombe walikuja wachache wakafa, visima vikachimbwa viwili vikatoa chumvi, na wakurugenzi wakanunua magari. Benki ikangoja, ikaandika, ikangoja tena.

Notisi ya mnada ililetwa na Dalali mwenyewe. Nilikuwa nyumbani siku hiyo. Mama hakumjua, akaona ni mgeni mwenye tai, akamkaribisha kiti na uji. Dalali akanywa uji wote, akashukuru, akarudisha kikombe kwa mikono miwili. Ndipo akatoa karatasi na gundi.

"Mwaitu, nitabandika hii hapa kwa mlango. Usiing'oe, ni makosa." Mwaitu ni mama yetu, kwa Kikamba, na alilisema vizuri.

"Mlango ni wangu," Mama akasema. "Hii nyumba tumejenga na mume wangu. Ako hapo nyuma."

"Mmeijenga kwa shamba ya mtu mwingine."

"Ya nani? Sisi ndio kampuni."

"Hapana, mwaitu. Kampuni ni mtu kivyake. Hana mama, halali, hazikwi. Wewe uko na hisa kwa huyo mtu, hauko na kitu kwa shamba yake. Ni yeye amekopa na ni yeye anauziwa. Wewe hata hauko kwa hii karatasi." Akaipapasa ile notisi isibebwe na upepo. "Uji ni mtamu sana."

Mama alisimama pale mlangoni mpaka gari lilipopotea. Halafu akaniuliza kama mtu huyo anayekula kwangu kila siku ndiye huyu. Nikamwambia ndiye. Akaenda kukiosha kikombe kile, na mimi nilitamani anigombeze.

Kesho yake nilimwekea Dalali sahani kwa kishindo. Yeye akaanza kula kama kawaida, kisha akaniambia jambo ambalo lingetuokoa. Alichukua kichupa cha chumvi na glasi, akaniita kwa jina la mwanangu. "Mama Mwende, sikiliza. Huyu ni kampuni yenu." Akagonga kichupa. "Ameshazama, mwacheni. Mpaka nyundo ianguke anaweza kulipa deni lote akachukua shamba yake, lakini hana pesa hiyo, na nyinyi hamna. Nyundo ikianguka, haki hiyo imekufa, hata aje na gunia la pesa. Lakini angalia." Akasogeza glasi. "Nyinyi wenyewe undeni mtu mwingine. Chama, ushirika, chochote. Aje kwa mnada anunue. Anayenunua kwa nyundo anapata shamba safi. Deni la zamani halimfuati, kesi za wakurugenzi hazimfuati. Halafu mkate hati zenu. Waambie watu wenu waje na mikono."

"Na wewe unapata nini?"

"Asilimia yangu. Dalali bila mnunuzi ni mtu anapiga kelele barabarani."

Niliwapelekea wanachama maneno hayo. Nilichelewa, au labda kwa sababu yalitoka kwa Dalali yalinuka. Wazee walikuwa wamekwisha kukata shauri lao. Shauri lao lilikuwa rahisi: shamba likikosa mnunuzi benki itachoka. Kwa hiyo wahakikishe halipati mnunuzi. Waliogopana wao kwa wao, kwamba mwenye pesa kidogo atanunua kichinichini na kuwafukuza wengine. Wakatafuta mzee mwenye kithitu, wakampata huko Ndithini, wakamlipa fahali.

Asiyejua kithitu nimweleze kwa kifupi. Ni kiapo cha Wakamba, na ni kitu chenyewe pia: pembe na vitu vilivyomo ndani yake, vikikaa mbali na nyumba. Ukiapa mbele yake ukavunja, hufi wewe peke yako, nyumba yako yote inakwenda, mtoto kwa mtoto. Tunasali Jumapili, tunabatiza, tunaimba kwaya, na hakuna hata mmoja wetu anayekichezea. Mama alikuwa katika chama cha akina mama wa Kikatoliki na alikwenda. Waliapa kwamba hakuna mwanachama, wala wa nyumba yake, wala aliyetumwa naye, atakayeinua mkono kununua shamba lile mnadani. Dalali aliposikia aliweka kijiko chini. "Wameapa wasijinunulie?" Nilimwona akifungua mdomo. Halafu akachukua kijiko akaendelea kula.

Mnada ulifanyika kwenye uwanja mdogo mbele ya hoteli yangu. Mara ya kwanza ilikuwa sherehe. Wanachama walikuja wengi, wakasimama kimya kabisa, na wanunuzi wa nje walipoona kimya kile walirudi kwenye magari yao. Hakuna aliyefika bei ya chini iliyowekwa na benki. Dalali akafunga ulimi wa kengele akapanda ngazi. Wanachama wakaimba, mimi nikauza chai mpaka majani yakaisha, na Mama akacheza, mwanamke wa umri ule.

Benki haikuchoka. Benki ilileta mthamini mwingine, akashusha bei, na mnada ukatangazwa upya. Hapo ndipo wengine walipoanza kuamka. Walikusanya mchango, wauze mbuzi, wavunje akiba, kampuni ikalipe deni kabla ya siku. Pesa hazikufika hata nusu ya deni, benki ikakataa kupokea kidogo kidogo. Cheki ya pesa hizo alikabidhiwa Mama, kwa sababu hakuna aliyemshuku, naye akaiweka ndani ya Biblia yake.

Asubuhi ya mnada wa pili Dalali alimkuta Mama amekaa kwenye meza yangu ya nje, Biblia mapajani. Alijua yaliyomo. Mji huu ni mdogo.

"Mwaitu, leo bei itaanza chini. Hiyo cheki inatosha kuwa robo, na robo ndiyo inatakiwa leo. Ingine mnapewa muda mtafute. Nikuandikie?"

"Tumeapa," Mama akasema.

Dalali akakuna kidevu. Akatoa kadi yenye namba, zile wanazoinua wanunuzi, akaiweka mezani mbele yake, akaenda kufungua kengele yake.

Alikuwepo mnunuzi mmoja tu wa kweli, kijana mwenye miwani ya jua aliyetumwa na watu wa maghala ya Athi River. Hakuwa Mkamba na kithitu hakikumhusu. Dalali alisoma namba ya hati, ukubwa wa shamba, akataja bei. Ilikuwa ndogo hata watu wakaguna. Hesabu kila mtu aliijua kichwani: shamba lote, nyumba zote, makaburi yote, na robo yake imo ndani ya Biblia. Kijana akainua kadi.

"Mara ya kwanza," Dalali akasema, na macho yake yakaja moja kwa moja mezani kwetu.

Mama aliingiza mikono yote miwili chini ya leso aliyojitanda. Nikanyoosha wangu nikaigusa ile kadi. Mkono wake ukatoka chini ya nguo ukanikamata kifundo, na sikujua bado ana nguvu kiasi kile. "Uko na watoto," akaniambia. Nikaiachia kadi. Nikatazama nyuma. Watu wazima wengi wamesimama, mikono mifukoni, mikono makwapani, mikono nyuma ya mgongo, na mzee mmoja aliikalia kabisa.

"Mara ya pili." Alisubiri. Si mimi peke yangu niliyeona jinsi alivyosubiri. Watu walianza kukohoa. Ofisa wa benki alimsogelea akamkanyaga kiatu. Dalali hakuondoa macho kwa Mama.

"Mara ya tatu." Nyundo ikaanguka, na kadi yetu bado iko mezani karibu na sukari.

Tulikwenda kortini, ndiyo. Jaji alikuwa mama mpole, alituacha tulie kidogo. Alisema aliyekosewa, kama yupo, ni kampuni, na kampuni ndiyo ingekuja kusema. Alisema aliyenunua mnadani kwa nia njema hafuatwi. Tukiona benki ilikosea tuidai fidia benki. Haki ya kulikomboa shamba ilikwisha siku ile pale mbele ya hoteli. Kaburi si hati. Nilikuwa nimeyasikia yote mezani kwangu kwa kichupa cha chumvi, bila kulipa wakili.

Na kwa sababu shamba liliuzwa bei ya kutupa, deni halikuisha. Benki ikawageukia wakurugenzi waliotia sahihi kuidhamini kampuni, na Dalali huyo huyo akaja kuuza jengo la mwenyekiti. Tulipiga makofi siku hiyo, kana kwamba tumerudishiwa kitu. Kampuni yenyewe ipo mpaka leo. Haina shamba, haina ofisi, na Mama alikuwa na hisa zake mpaka mwisho.

Alihamia chumba changu cha nyuma. Pale kwake paliwekwa uzio wa waya na mlinzi. Alikwenda mara moja kutazama kaburi la Baba, mlinzi akamdai kitambulisho, akarudi. Lakini hakuwahi kulalamika, na nitakuambia kilichomshikilia. Kila usiku kabla ya kusali aliwataja wajukuu wake mmoja mmoja kwa majina. "Wako wote," alisema. "Hatukuvunja. Mikono yangu ni misafi." Alisema hivyo mpaka ulimi ulipomkatalia. Tulimzika makaburi ya mji, katikati ya watu asiowajua.

Dalali alikuja mazishini na suti yake nyeusi. Alichanga.

Mnaniuliza kwa nini niliendelea kumpikia. Alilipa kabla ya kula, na nina kodi. Tena, kusema ukweli, nilikuwa nimemsamehe kidogo. Alitushauri, aliweka kadi, alisubiri mpaka akakanyagwa. Nilijiambia mtu huyu alifanya lile aliloweza, wajinga ni sisi. Nililala na wazo hilo kwa miaka, na nililala vizuri.

Mwaka huu ameacha kazi. Magoti yamekwisha, watoto wake wako Nairobi na hawataki kengele. Juzi aliniita ghalani nichague viti, bure, kabla mwenye jengo hajachukua nafasi yake. Alikuwa amekalia kile kitanda cha hospitali, koti limemzidi ukubwa. Nikachagua benchi mbili. Kona ya mwisho chungu kilikuwa bado pale.

"Na hicho utakiacha?"

"Hicho." Akatabasamu kama mtu aliyekumbuka kichekesho cha kortini. "Leseni nimerudisha, sasa naweza kusema. Hicho ni cha yule mzee wenu wa Ndithini."

Sikuelewa. Akanieleza taratibu, kama alivyozoea kueleza. Deni la mbuzi lilikuwa la mzee yule. Vijana walizoa hadi nyuma ya ghala lake la mahindi, wakapakia chungu bila kukifunua, na ndani ndimo kilimokuwa kithitu chake. Mzee alikuja kukililia. Dalali akamwambia alete bei kama mtu mwingine. Hakuwa nayo, na hakuweza kumwambia mtu kwamba ameporwa kithitu na dalali, nani angemwajiri? Akatafuta pembe nyingine.

"Pembe gani?"

"Ya mbuzi. Amejaza mchanga. Ndiyo mliapia."

Nilikaa kwenye benchi yangu. Nje kulikuwa na mtu anauza mahindi ya kuchoma, nasikia anavyopepea.

"Ulikuwa unajua siku ya mnada."

"Nilijua."

"Ukamwekea Mama kadi, unajua hakuna kitu kinamshika."

"Nilimwekea kadi. Hiyo ndiyo nilikuwa naweza."

"Si ungemwambia tu. Neno moja, pale mezani."

"Neno hilo lilikuwa ni leseni, Mama Mwende." Alionekana kushangaa kwamba mimi, mwanafunzi wake, sikuwa nimeshaliona hilo. "Kithitu kilikuwa ndicho kazi yake. Chombo cha kazi hakishikwi. Ningesema ninacho, ningekwisha."

Wako wote. Mikono yangu ni misafi. Nilimsikia Mama akisema hivyo kama yuko chumba cha pili, na nilimchukia Dalali huyu kwa uchungu ambao sikujua bado nina nafasi yake. Nilisimama nikaenda mpaka kwenye kona, nikatimua vumbi na kiatu.

"Basi nipe nikipeleke Ndithini. Mzee amekufa lakini watoto wake wako."

"Chukua. Ni bure."

"Nipe wewe. Kwa mkono wako."

Akatazama huku na huku akitafuta ufagio. Nilikuwa nimeukanyaga mimi.

"Si ulituona wajinga?" nikamwambia. "Watu wazima, mikono chini ya nguo. Hicho ni chungu tu, Dalali. Inua."

Alisimama kwa shida. Alikuja hatua chache, akafika karibu nacho, akainama kidogo. Halafu mikono yake ikarudi nyuma, ikaingia kwenye mifuko ya lile koti, yote miwili.

"Mara ya kwanza," nikasema.

Alitazama chungu, akanitazama mimi.

"Mara ya pili." Nikasubiri. Nilisubiri vizuri, kama alivyosubiri yeye, mpaka nikasikia pumzi zake. Mikono haikutoka mfukoni.

"Mara ya tatu," nikasema, nikamwacha nacho.